Mbona jela tunaiita kanisa?

Swali: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja hapa Tanga. Muhula uliopita tuliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Mombasa, wakaingia Fort Jesus. Mtembezaji akawaambia kwamba ngome ile iliwahi kuwa jela, na kwamba neno "gereza" ni la Kireno, maana yake kanisa. Watoto wakacheka, wakadhani anawatania. Nami nilibaki na maswali mawili. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, imekuwaje nyumba ya sala ikageuka nyumba ya wafungwa, kwenye lugha na kwenye mawe?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Mtembezaji wenu hakuwatania. Neno ni la Kireno, maana yake ya asili ni kanisa, na ngome ile ilikuwa jela kwa miaka 63. Ila mambo hayo mawili yakisemwa kwa pumzi moja, mtoto atatoka pale akiamini kwamba Wareno walikuwa wakifungia watu kanisani. Sivyo. Kati ya kanisa na jela kuna kituo ambacho watembezaji hukiruka kwa haraka ya kuliwahi kundi linalofuata, nacho ni ngome yenyewe. Neno lilitoka kanisani likahamia ngomeni, likakaa humo muda mrefu, na ngome ilipogeuzwa jela nalo likafungwa humo humo.

Nianze na neno, maana wewe ni mtu wa lugha. Kanisa kwa Kireno ni igreja. Ile j yao haitamkwi kama j yetu ya jana na juzi. Hutoka laini, kama z inayotaka kuwa sh. Mswahili hana sauti hiyo, akaweka z. Tena hapendi g na r zibanane bila irabu kati yao, akachomeka e. Ile i ya mwanzo haikuwa na mkazo, ikadondoka. Ndiyo njia iliyotuletea meza kutoka mesa, bendera kutoka bandeira, leso kutoka lenço, foronya kutoka fronha na parafujo kutoka parafuso. Lakini tazama tofauti moja. Meza na bendera ziliingia ngeli ya I-ZI zikatulia. Gereza likaenda LI-YA, likapata wingi wa magereza, likajipanga pamoja na jumba, boma na soko. Sidhani ni bahati nasibu. Aliyelipeleka neno lile kwenye ngeli hiyo alikuwa akitazama kitu kikubwa, chenye kuta.

Na kitu chenyewe kilikuwa kikubwa kweli. Wareno walikuwa wakiijua Mombasa tangu Vasco da Gama apite mwaka 1498. Waliuchoma mji mwaka 1505, wakauchoma tena mwaka 1528, na kila mara wakaondoka, maana kuuchoma mji ni kazi moja na kuukalia ni nyingine. Ilipofika Aprili 1593 ndipo walipoanza kujenga ngome ya kudumu juu ya mwamba wa matumbawe, pale panapotazama mlango wa bandari ya zamani. Aliyeichora alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, mhandisi mkuu wa Wareno katika milki yao ya Bara Hindi. Waashi waliletwa kutoka Goa, vibarua wakatoka Malindi, ambako Wareno walikuwa na marafiki. Ukiitazama ramani yake utaona umbo la mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini. Watu wa enzi ile ya Ulaya waliamini kwamba jengo zuri hufuata vipimo vya mwili wa binadamu. Wakaiita Fortaleza de Jesus de Mombaça. Kwao vita vya bandari na vita vya dini havikuwa na mpaka, kwa hiyo ndani ya kuta, pamoja na ghala, kambi na nyumba ya kapteni, wakajenga kanisa. Misingi ya kanisa hilo ilifukuliwa na wanaakiolojia, na bila shaka wanafunzi wako waliikanyaga bila kujua.

Sasa jiweke mahali pa mvuvi wa Mombasa wa miaka ile. Wewe huingii mle. Unachokiona ni ukuta mrefu unaopanda kutoka mwambani, lango moja, na Wareno wanaotoka na kuingia. Ukimuuliza mmoja anakwenda wapi Jumapili asubuhi, anakujibu kwa neno moja na kuonyesha ukutani. Yeye ana maana ya kajengo kadogo kalichomo ndani, kenye msalaba. Wewe unasikia jina la jumba zima. Mimi naona hivyo ndivyo kanisa lilivyokuwa ngome: neno lilivuka ukuta, maana yake ikabaki ndani.

Watu wakinibishia hapo huwaambia waende Kilwa Kisiwani. Ukishuka kwenye mashua, jengo linalokupokea ufukweni ni ngome yenye minara ya mviringo kwenye pembe, mlango wake wa mbao umenakshiwa, na wenyeji wote huiita Gereza. Wareno walijenga ngome mahali hapo mwaka 1505, wakaiacha mwaka 1512. Hii inayoonekana leo ni ya Waarabu wa Oman, ya takriban mwaka 1800, iliyosimama palepale pa ile ya Wareno. Mtu wa Kilwa akikwambia tukutane Gereza, hana maana ya jela hata kidogo. Pale neno limebaki kwenye kituo cha kati, halikuendelea na safari. Na Unguja kuna ushahidi wa aina nyingine. Ngome Kongwe, ile iliyo mkabala na Forodhani, ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwatimua Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na waliijenga mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Kuta za kanisa hazikubomolewa zote. Nyingine zilimezwa na ukuta wa ngome. Kwa hiyo Mombasa kanisa lilikuwa ndani ya ngome, Unguja ngome ikawa juu ya kanisa. Mswahili aliyeita vyote viwili kwa jina moja hakukosea sana.

Jambo la jela sasa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu, na pia ndipo watu wanapochanganya.

Waandikie wanafunzi ubaoni maneno yote ya jela wanayoyajua, kisha uyagawe mafungu mawili. Fungu la kwanza: mfungwa, kifungo, kufungwa, kufunguliwa. Hayo yote ni yetu, ya Kibantu, na yote yanatokana na kamba. Mfungwa ni mtu aliyefungwa kama unavyofunga mzigo au mbuzi. Fungu la pili ni maneno ya mahali: gereza la Mreno, jela ya Mwingereza, rumande ya Mwingereza, seli ya Mwingereza, mahabusu ya Mwarabu. Hakuna hata moja la kwetu. Lugha inakwambia wazi kwamba kumfunga mtu tulikuwa tukikujua siku zote. Tulichoazima ni nyumba.

Na ndivyo mambo yalivyokuwa. Katika miji ya pwani mtu aliyekosa alitozwa faini, alilipa diya, alichapwa, alifukuzwa mjini, au aliuawa. Mdeni aliweza kumweka ndugu yake rehani mpaka alipe. Aliyehofiwa kutoroka alitiwa pingu, au miguu yake ikatiwa kwenye mkatale, lile gogo lenye matundu. Kumzuia mtu ilikuwa njia ya kusubiri jambo jingine: hukumu, malipo, ndugu zake waje. Wazo la kumwambia mtu "kosa lako ni miezi sita", yaani muda wenyewe ukawa ndiyo adhabu, lilikuja baadaye, likaja na Wazungu, na lilipokuja lilihitaji kuta.

Hiyo haina maana kwamba kabla ya hapo hakuna aliyefungiwa ngomeni. Walifungiwa, tena wakubwa. Katikati ya karne ya 18, Mazrui, ukoo wa Waarabu wenye asili ya Oman, wakiwa ndio wanaoishika Mombasa, gavana wao Mohammed bin Uthman aliuawa na watu waliotumwa kutoka Oman, na nduguye Ali akatiwa ndani ya ngome ile ile. Ali akatoroka, akarudi na watu wa Mombasa waliokuwa upande wake, wakapanda ukuta wakaitwaa. Ukisoma habari za Fort Jesus utaona hilo likijirudia: aliyekuwa na ngome jana, leo amefungwa ndani yake au amezingirwa ndani yake. Tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, majeshi ya Oman yaliizingira kwa miezi 33. Ndani walikuwamo Wareno wachache na Waswahili wengi walioungana nao, wakiwemo watu wa Faza. Njaa na maradhi viliua wengi kuliko risasi. Kwa watu wale ngome ilikuwa jela tayari, ila mlinzi wa jela alikuwa nje.

Mwaka 1837 Seyyid Said wa Unguja aliwashinda Mazrui, nao wakuu wao wakakamatwa kwa hila wakapelekwa Bandar Abbas, ng'ambo ya Ghuba. Hawakurudi. Miongoni mwao alikuwa Rashid bin Salim, gavana wa mwisho wa Mazrui. Mshike jina hilo, nitalirudia. Baada ya hapo ngome ilikuwa kambi ya askari wa Sultani, wengi wao Wabulushi, na kwa karibu miaka sitini uwanja wake wa ndani ulijaa vibanda vya askari. Mtu asiyejua angedhani ni kitongoji kilichozungushiwa ukuta. Mwaka 1875 mkuu wa askari hao, Muhammad bin Abdallah, anayejulikana zaidi kama al-Akida, alimwasi Sultani akajifungia humo, na manowari mbili za Waingereza zikaipiga ngome mizinga mpaka akasalimu amri. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho ngome ile kufanya kazi iliyojengewa.

Tarehe 1 Julai 1895 Uingereza ikatangaza himaya yake. Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyokuwa ikiendesha nchi kabla ya hapo, ilikuwa hoi kifedha ikaikabidhi serikali mzigo. Fort Jesus ikafanywa jela: vibanda vya askari vikaondolewa, seli zikajengwa uani. Watu huniuliza kama kulikuwa na mpango fulani, ishara fulani ya kuwatisha wenyeji. Inawezekana walifurahia ishara hiyo, lakini mimi naona sababu kubwa ni umaskini. Serikali changa isiyo na fedha ilikuta jumba la mawe lenye lango moja, kuta nene kuliko ukuta wowote ambao ingeweza kujenga, handaki lililochongwa mwambani, na bandari mlangoni. Ngome hujengwa ili adui asiingie. Ukigeuza walinzi watazame ndani, kazi imekwisha. Miaka michache baadaye, mwaka 1902, jengo la mahakama likasimama hatua chache kutoka hapo, jengo ambalo leo bado linaitwa mahakama ya zamani. Mtu aliweza kushtakiwa, kuhukumiwa na kutiwa ndani bila kutembea zaidi ya dakika tano.

Wafungwa hawakukosekana. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na mji ukafurika watu ghafla. Mwaka 1901 ikaja kodi ya kibanda, na kushindwa kulipa likawa kosa. Sheria iliyotumika haikuwa hata ya Kiingereza moja kwa moja, ilikuwa sheria ya jinai ya India, ambayo Waingereza waliihamishia huku ilivyo, ikatumika Kenya hadi 1930. Neno jela lilitua pwani katika hali hiyo, likiwa midomoni mwa Mwingereza na Mhindi kwa pamoja. Na neno nyapara, ambalo zamani lilikuwa la msimamizi wa wapagazi kwenye misafara ya bara, lilipokosa misafara likaingia jela, likawa la mfungwa anayewasimamia wenzake. Siku hizi mtu akisikia nyapara hawazii tena pembe za ndovu.

Kuna kitu kimoja juu ya ngome ile katika miaka ya jela ambacho kila nikikifikiria hucheka peke yangu. Ukanda wa pwani wa maili kumi, kwa mkataba wa mwaka 1895, uliendelea kuhesabiwa kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar. Waingereza waliuendesha tu kwa niaba yake. Alama ya umiliki huo ilikuwa bendera yake nyekundu, na bendera hiyo ilipepea juu ya Fort Jesus mpaka Kenya ilipopata uhuru, Desemba 1963. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka sitini, bendera ya Sultani mwenye asili ya Oman, inayoitwa kwa neno la Kireno, ilipepea juu ya jela inayoitwa kwa neno la Kireno, iliyochorwa na Mtaliano, inayoendeshwa na Mwingereza kwa sheria ya India. Waliokuwa ndani, wakilipia kodi ya kibanda, walikuwa Waafrika. Ukitafuta picha moja ya kueleza historia ya pwani darasani, hiyo inakutosha kipindi kizima.

Fort Jesus haikuwa peke yake. Lamu kuna ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1813, baada ya watu wa Lamu kuwashinda Mazrui na watu wa Pate katika vita vya Shela, ikamalizika 1821 kwa msaada wa utawala wa Oman. Ngome hiyo ilifanywa jela mwaka 1910 na ikabaki jela hadi 1984. Yaani Kenya huru iliendelea kufungia watu humo kwa miaka 20 na ushei. Tena si pembezoni mwa mji. Lango lake liko pale Mkunguni, uwanja ambao wazee hukaa kwenye baraza za mawe wakinywa kahawa na kusukuma mabao, soko likiwa kando. Jela nyingine hufichwa nje ya mji, nyuma ya miti. Lamu iliiweka sebuleni. Mfungwa aliyekuwa juu alisikia bei ya samaki, ugomvi wa punda, na nani kashinda bao.

Unguja, Ngome Kongwe ilitumika kama jela katika karne ya 19, na wahukumiwa wa kifo waliuawa nje ya ukuta wake wa mashariki. Baadaye jela ikahama, na ngome ikapewa kazi nyingine nyingi, hata ikawa karakana wakati wa kujenga reli ya Bububu. Nako nyuma, mwaka 1893, waziri wa kwanza wa Sultani, Lloyd Mathews, alikichukua kisiwa cha Changuu akajenga jela ya mawe huko. Jela hiyo haikufunga mtu. Ilifanywa karantini ya wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi. Hata hivyo watalii hupelekwa huko kila siku kwa jina la kisiwa cha jela, wakapige picha na kobe, na Ngome Kongwe, iliyofunga watu kweli, huendewa kwa taarab na vinyago.

Nisisahau hili. Zanzibar ya leo hata neno gereza limeondolewa mlangoni. Rasmi, mahali hapo panaitwa Chuo cha Mafunzo, na askari wake ni maafisa wa Chuo cha Mafunzo. Ukimwambia mgeni kutoka bara kwamba kijana wa jirani amekwenda Chuo cha Mafunzo miaka mitatu, atakupa hongera na kuuliza anasomea nini. Huku kwenu Tanzania Bara, kinyume chake, neno la Mreno limepanda cheo: kuna Jeshi la Magereza, lenye makamishna na gwaride. Padri wa mwaka 1593 angelisikia jina hilo angedhani ni jeshi la makanisa. Tena bara hakukuwa na ngome za Wareno za kurithi, ndiyo maana Wajerumani walijenga maboma, na boma likawa ofisi, mahakama na mahali pa kufungia watu kwa wakati mmoja. Kuitwa bomani hakukuwa habari njema kwa mtu yeyote.

Mwisho wa jela ya Fort Jesus ulikuja bila kishindo. Tarehe 24 Oktoba 1958 ngome ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, chini ya wadhamini wa hifadhi za Kenya. Fedha za kuichimba na kuikarabati zilitoka Wakfu wa Calouste Gulbenkian, wa Lisbon. Yaani Wareno walirudi na hundi badala ya mizinga. Aliyesimamia uchimbaji alikuwa mwanaakiolojia James Kirkman, na mwaka 1960 watu wakaanza kuingia kwa tiketi. UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Leo Mombasa ikimtia mtu ndani humpeleka Shimo la Tewa, upande wa Mtwapa. Tewa ni Kimvita, ninyi mnasema chewa, yule samaki mkubwa wa mapangoni. Kwa hiyo kutoka gereza la kanisa, mfungwa wa Mombasa amehamia tundu la samaki, na safari hii jina angalau ni letu.

Nadhani watoto walizunguka haraka. Mkirudi, usiwaache wakimbilie mizinga. Wasimamishe kwanza kwenye kile kipito cha lango, mahali jua linapokatika ghafla na joto likashuka, wakaribie ukuta na kuutazama kwa umbali wa kiganja. Jiwe la matumbawe halina uso laini kama linavyoonekana kwenye picha. Lina vijitundu, vifuko, mistari kama ya sega la nyuki, na ukipitisha kidole linakwaruza. Ni mnyama wa baharini aliyegeuka mwamba, akashikizwa kwa chokaa ya matumbawe mengine yaliyochomwa. Kisha waende wakaitazame michoro iliyohifadhiwa ndani ya makumbusho, iliyochorwa ukutani na askari wa Kireno kwa mkaa na rangi nyekundu ya udongo: majahazi, watu, samaki. Si kazi ya wasanii. Ni kazi ya vijana waliochoka kukaa ndani ya kuta nne mbali na kwao, wakisubiri zamu na meli. Wafungwa wa baadaye wangewaelewa vizuri.

Halafu wapeleke uani. Seli zilizojengwa baada ya 1895 hawataziona zimepangwa pale. Uwanja uko wazi. Watafute misingi ya kanisa. Ni midogo kuliko watakavyotarajia, na hapo ndipo utakaposikia kama watacheka tena.

Na kwa kuwa mnarudi Tanga kwa njia ya Likoni na Lunga Lunga, mtapita karibu na Gasi. Hapo ndipo alipokuwa akikaa Mbaruk, mwana wa yule Rashid bin Salim niliyekwambia umshike jina, aliyechukuliwa na kupelekwa Bandar Abbas. Mwaka ule ule 1895 ambao Waingereza waliigeuza Fort Jesus kuwa jela, Mbaruk alikuwa akipigana nao msituni. Wangemkamata, wangemfunga katika nyumba aliyotawala baba yake. Aprili 1896 akavuka mpaka na watu wake akaingia upande wenu, akajisalimisha kwa Wajerumani, akaishia Dar es Salaam.